Mafunzo ya Wapiga Picha wa Usiku

Somo letu la leo linatoka katika Zaburi ya 139, mstari wa 11 na wa 12. Hapo mtunga zaburi anakiri ya kwamba hata usiku ukimfunika, mbele za Mungu usiku huo hauna giza. Tungependa kulitafakari jambo hili kwa msaada wa watu ambao pengine hamjawafikiria sana: wale wanaopiga picha za nchi wakati wa usiku, mlima au ziwa likiwa chini, na nyota zikiwa juu.

Kazi yao ni ngumu kuliko tunavyodhani. Jambo la kwanza wanalolitafuta ni giza lenyewe. Mtu akisimama katikati ya Nairobi na kutazama juu, ataona nyota chache tu, kwa sababu taa za mji huangaza vumbi na mvuke ulioko hewani. Kwa hiyo mpiga picha husafiri. Huenda Ziwa Magadi, au jangwa la Chalbi kule Marsabit, au miteremko ya Mlima Kenya. Hata huko ni lazima auhesabu mwezi. Tangu mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu, na mwezi ukiwa mpevu nyota ndogo humezwa na mwanga wake. Hubakiwa na siku chache tu za kazi, na siku hizo zikifunikwa na mawingu, hurudi nyumbani mikono mitupu baada ya kulipa nauli na kukesha.

Jambo la pili ni utulivu. Mchana, kamera hufunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Usiku ni lazima iachwe wazi kwa muda wa sekunde 20 hivi, ili ikusanye mwanga kidogo kidogo. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuishika bila kutikisika, kwa hiyo huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na upepo wa jangwani ukivuma, mawe hufungwa chini yake. Wala haifai kuiacha wazi mno, kwa maana dunia inazunguka, na nyota zitatokea pichani kama mistari badala ya nukta. Ndugu msikilizaji, wewe uliye Nanyuki, hapo ulipoketi kimya mstari wa ikweta unachukuliwa na dunia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na chai haimwagiki kikombeni. Tunabebwa bila kujua tunabebwa.

Jambo la tatu ni macho. Mtu anapotoka kwenye taa na kuingia gizani, haoni kitu. Macho yake huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea. Yakishazoea, anaanza kuona njia, majani, na ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza mbingu. Lakini mwenzake akiwasha tochi kali kwa nukta moja tu, macho yale hupoteza yote yaliyopata, na kungoja kunaanza upya. Kwa sababu hiyo wapiga picha hawa hutumia tochi ndogo yenye mwanga mwekundu, wakaielekeza chini miguuni, maana mwanga mwekundu hauyasumbui macho sana.

Labda utauliza, faida ya taabu hii yote ni nini? Faida ipo. Katika zile sekunde 20 kamera huona kuliko jicho. Jicho letu halikusanyi mwanga kwa muda mrefu, na gizani halitambui rangi vizuri. Lakini picha ikitoka, nyota zilizoonekana nyeupe zote huonekana nyingine za buluu, nyingine za rangi ya machungwa. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, pale mbingu zinapokuwa safi, picha huonyesha mawingu ya nyota yasiyohesabika juu ya ziwa lililotulia. Yalikuwako hata kabla kamera haijafunguliwa.

Yuko mpiga picha wa Marekani aliyeitwa Ansel Adams. Jioni moja mwaka 1941 alikuwa safarini katika jimbo la New Mexico, baada ya siku iliyomwendea vibaya kazini. Akapita kijiji cha Hernandez, akauona mwezi umechomoza juu ya milima, na chini yake misalaba ya makaburi ikimulikwa na jua la mwisho. Alisimamisha gari upesi. Kifaa chake cha kupimia mwanga hakikuonekana, lakini alikumbuka kiasi cha mng'ao wa mwezi, akakadiria kwa hicho. Alipiga picha moja. Alipojitayarisha kupiga ya pili, jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba ile. Picha hiyo moja ikajulikana ulimwenguni pote. Yeye mwenyewe hakukumbuka vizuri tarehe yake, wala mwaka. Ni wataalamu wa nyota walioihesabu baadaye, kwa kuangalia mahali mwezi ulipokuwa, wakaona ilikuwa tarehe 1 Novemba 1941. Binadamu alisahau, lakini mbingu zilikuwa zimeandika.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tuje kwetu. Wako wanaotusikiliza usiku huu walio gizani kweli. Mama anayemwuguza mtoto asiyepata nafuu. Baba aliyeachishwa kazi na hajui atawaambia nini watoto shule zikifunguliwa. Mjane ambaye waombolezaji wamekwisha kuondoka, na viti vya kukodi vimerudishwa. Hatuwezi kuwaambia kwamba giza ni tamu. Mpiga picha hulitafuta giza kwa hiari, na asubuhi hurudi kwake. Ninyi hamkulitafuta, wala hamjui asubuhi yenu iko lini. Lakini neno moja twaweza kuwaambia. Kutoona nyota si ushahidi kwamba nyota hazipo. Karibu na Msalaba wa Kusini kuna nyota angavu iitwayo Alfa Sentauri, iliyo miongoni mwa zile zilizo jirani kabisa na jua letu. Hata hivyo mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4 kabla ya kutufikia. Mwanga utakaouona leo uliondoka kule wakati mtoto wa miaka minne hajazaliwa. Ulikuwa njiani siku zote hizo, kabla hujajua utauhitaji. Msaada wa Mungu nao una mwendo wake, na mara nyingi umeanza safari kabla sisi hatujaanza kuomba.

Na sisi tulio na nuru kidogo, tujifunze adabu ya tochi. Mara ngapi tumeingia katika nyumba ya msiba na kummulika mfiwa machoni? Tunamwambia asilie, Mungu amempenda marehemu zaidi. Tunamhesabia wengine waliopata hasara kubwa kuliko yake. Maneno yenyewe pengine ni ya kweli, lakini ni makali mno kwa macho yaliyo gizani, na badala ya kumwonyesha njia yanampofusha. Marafiki wa Ayubu walipofika kwake, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila mtu kusema neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kuu mno. Zile siku saba ndizo walizomfaa. Walipofungua vinywa na kuanza kumweleza sababu za mateso yake, ndipo walipomwongezea mzigo.

Basi tukienda kumfariji mwenzetu, tuifunike taa yetu, tuielekeze chini, penye miguu yake. Tumtekee maji. Tumpikie uji. Tuketi naye mpaka macho yake yazoee, na atakapoanza mwenyewe kuinua kichwa, tuwe bado tuko pale, tumwonyeshe kwa kidole.

Usiku huu, kama hakuna mawingu kwenu, zimeni taa kwa nusu saa, mtoke uani pamoja na watoto. Dakika za kwanza hamtaona kitu kikubwa. Msirudi ndani upesi. Ngojeni. Na wakati mnapongoja, kila mmoja amtaje mtu mmoja anayemfahamu aliye katika giza la maisha, na aamue kesho atakwenda kuketi naye.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyeziumba nyota na kuzijua zote, walio gizani usiku huu uwashike mkono hata wasipokuona. Utufundishe sisi kungoja, na utufundishe kunyamaza. Nuru uliyotupa isimuumize mtu, bali imwongoze. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.