Aliyetumwa na Chama Yuko Kazini



Katika miaka kumi hii tumejenga ghala, tumenunua mizani, na tumebishana mara nyingi. Ubishi mmoja twapenda kuutaja leo, maana umetufunza: je, mfanyakazi aliyekwenda mkutanoni alipwe kama aliye kazini?

Wengi wetu tulikataa. Mkulima aliyeinama shambani tangu alfajiri huona uchungu asikiapo kwamba karani amelipwa kwa kuketi kitini na kusikiliza mihadhara. Tulisema, “Posho amepewa, ataka nini tena?”

Basi mwaka mmoja tulimtuma karani wetu wa hesabu kwenye mafunzo huko Moshi, mji ambao Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963. Alisafiri Jumapili, siku yake ya mapumziko, akakaa garini muda wa saa 8. Aliporudi tulimlipa posho, na ile Jumapili ikapotea. Hakunung’unika; ila safari iliyofuata aliomba udhuru. Ndipo tulipotambua kosa letu.

Posho si mshahara. Posho hununua chakula na malazi, gharama ambazo mtu asingekuwa nazo kama angalibaki nyumbani kwake. Mshahara ni thamani ya saa alizotupa. Karani yule aliketi Moshi kwa amri yetu, na elimu aliyoileta ni faida yetu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka mpaka wa saa 45 za kawaida kwa juma, na saa 9 kwa siku. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Saa ya kazi katika siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Nasi tukaazimia kuihesabu safari ya Jumapili kuwa kazi. Mwenye mshahara wa shilingi 3,000 kwa saa, akisafiri saa 8, atapata shilingi 48,000.

Lakini haki ina pande mbili, na fedha hizi ni jasho la wakulima. Kwa hiyo kila safari huidhinishwa kwanza na Halmashauri. Masurufu hutolewa hesabu kwa stakabadhi. Saa za kulala, au za kuzuru jamaa, hazilipwi. Naye aliyetumwa hapana budi alete taarifa, wanachama wapate kumwuliza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu wanachama, kilo moja ya mazao yetu ikikatwa mizanini twapiga kelele, na ni haki yetu. Saa ya mfanyakazi ndiyo kilo yake. Nasi tuipime kwa mizani ile ile.