Kabla ya Kumzalia Mwingine
Katika Mwanzo 16 Sarai alimtoa Hajiri amzalie mtoto. Hatusomi kwamba Hajiri aliulizwa.

Siku hizi mwanamke huulizwa, tena hutia sahihi. Lakini sahihi haimalizi mambo. Huko New Jersey, Marekani, mwaka 1985 mama mmoja aliahidi kuwazalia watu wengine kwa dola 10,000. Mtoto alipozaliwa mwaka 1986, moyo wake ulikataa kumtoa. Mwaka 1988 mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha mapatano yale. Baba alipewa malezi. Mama akabaki na haki ya kumwona mtoto.

Basi, dada zetu, kabla ya kukubali tumwulize wakili: Nani ataitwa mama? Mtoto akizaliwa mgonjwa, nani atampokea? Mungu alimwona Hajiri jangwani. Nasi tusimsahau mama, wala mtoto. Amina.