Aliyetoa figo naye ni mgonjwa

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nadhani walifikiria chakula, nguo na fedha. Sidhani kama waliwahi kuota kwamba iko siku mtu atatoa figo yake ampe nduguye. Jambo hilo sasa linafanyika hapa hapa nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa India.

Habari kama hizo tukizisikia huwapongeza madaktari, kisha tukaendelea na shughuli zetu. Leo nataka tuwazungumzie wanaobaki na mgonjwa shangwe zikishakwisha.

Nasema hivi kwa kuwa yametufika. Mdogo wangu, mkulima wa kahawa kule Mbinga, figo zake zote mbili zilishindwa kazi. Kusafishwa damu kwa mashine ni mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Mkulima gani ataacha mibuni yake afuate mashine mjini namna hiyo, mwaka nenda mwaka rudi?

Wamatengo tangu zamani tuna sengu, ambapo watu wa ukoo hula pamoja na kushauriana. Ukoo ukakutana. Aliyejitokeza ni dada yetu aliyeolewa Mbamba Bay, muuza dagaa. Hakushurutishwa na mtu, na ndivyo inavyotakiwa, maana figo haitolewi kwa kuoneana haya. Akapimwa, akaonekana anafaa, na upasuaji ukaenda salama. Vigelegele vikapigwa.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Dada alikatazwa kunyanyua mizigo mizito kwa wiki kadhaa. Je, nani angebeba ndoo za dagaa kutoka kwenye mtumbwi mpaka kichanjani? Wageni walimiminika Mbinga kumjulia hali mgonjwa. Kwa dada hakuna aliyepiga hodi. Na huko mlimani kahawa ilikuwa imeiva, nayo kahawa iliyoiva haina subira.

Ndipo baba yetu mdogo wa Liuli aliposema: “Ninyi mnahesabu mgonjwa mmoja. Mimi nahesabu wawili.” Maneno hayo yalitukalisha chini. Tukagawana kazi: wa kuchuma kahawa, wa kuanika dagaa, na wa kufuatilia dawa.

Hizo dawa, ndugu zangu, ndizo roho ya mambo. Aliyepandikizwa figo humeza kila siku, kwa saa zilizopangwa, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hiyo. Hazina likizo. Akiziacha kwa kuwa anajiona mzima, figo ya dada inaweza kupotea bure. Tena dawa hizo hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maradhi, kwa hiyo homa ndogo tu si ya kungojea mpaka kesho, hasa huku kwetu ziwani kwenye malaria.

Sasa tujiulize. Ikitangazwa harusi, kamati huundwa mara moja. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, kadi za michango zinatufuata hadi kazini. Harusi yenyewe ni ya siku moja. Mbona mgonjwa wa kumeza dawa maisha yake yote hana kamati? Mbona aliyetoa kiungo cha mwili wake anapewa “hongera” tu, kisha anaachwa na ndoo zake?

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kama kwenu yuko mgonjwa wa aina hii, kutaneni wiki hii, na kila mmoja ataje kwa kinywa chake mambo matatu: atafanya kazi gani, siku gani, na atatoa shilingi ngapi kila mwezi. Na kabla hamjatawanyika, ulizeni aliyetoa anaendeleaje.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.