Damu ya Mama ni Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, enyi ndugu Waislamu mlio pamoja nasi hapa Miembeni, Bukoba, nanyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio: tunajiusia sisi wenyewe na nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tutanena juu ya haki ambayo waume wengi tunaipuuza, nayo ni haki ya mke mja mzito kukingwa na upungufu wa damu.

Katika Suratu Luqman, aya ya 14, Mola wetu ameutaja udhaifu wa mama achukuaye mimba, akatuamrisha shukrani. Udhaifu huo tunauona. Mke hushikwa na kizunguzungu, huhema apandapo kilima na ndoo ya maji, moyo humwenda mbio, viganja vyake hupauka. Mume husema: "Siku hizi umekuwa mvivu!" La, ndugu zetu, huo si uvivu. Mama anaunda damu yake na ya mwanawe kwa wakati mmoja, na damu haiundwi bila madini ya chuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa nchini Tanzania walikuwa na upungufu huo. Na siku ya uzazi kila mama hutokwa na damu. Mwenye akiba hustahimili. Asiye na akiba huweza kufa kwa kiasi ambacho mwenzake angekivumilia. Sisi tusimamao mbele ya safu tumekwisha kuyasalia majeneza ya namna hiyo.

Basi tuanze na sahani. Ndizi zetu ni riziki njema, lakini ndizi peke yake haina chuma cha kutosha. Chuma kimo katika maharage, dagaa wa ziwani, nyama na mboga za majani. Desturi ya kale ilimwachia mwanamke kazi ya kukusanya senene na kuwakaanga, kisha ikamkataza kuwala. Desturi hiyo haina hoja katika sheria: kilicho halali kwa mume ni halali kwa mke. Tena chai na kahawa zinywewapo pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Na zingoje saa moja au mbili. Chungwa au limau husaidia.

Pili, mke aende kliniki mapema, na mume amsindikize. Huko damu hupimwa, na ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, huo ni upungufu. Hupewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki vya kumeza kila siku, pamoja na kinga ya malaria na dawa ya minyoo ya safura, maana maradhi hayo mawili hula damu. Wengine huvitupa vidonge kwa kuwa huleta kichefuchefu, au kwa hofu ya kuona choo cheusi. Choo hicho cheusi hutokana na chuma, si jambo la kuogopa. Kichefuchefu huweza kupungua akimeza wakati wa kulala. Kikizidi, amwone mkunga, asiache mwenyewe. Na vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani kwao ni sumu.

Tatu, mja mzito anayehofia nafsi yake au mimba yake ameruhusiwa kufungua Ramadhani na kulipa baadaye. Asilaumiwe kwa ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Enyi waume! Usiku wa leo mtazameni mke anapakua nini katika sahani yake baada ya kuijaza yenu. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Ewe Mola, wahifadhi mama zetu na vilivyomo matumboni mwao, utusamehe sisi na Waislamu wote. Amin.