Kabla Hujakata Tiketi, Uliza Ndege Inapitia Wapi



Pima kwenye ramani mstari ulionyooka kutoka uwanja wetu wa ndege wa Tanga hadi uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Utapata kilomita karibu 200. Basi la kutoka stendi ya Kange husafiri kama kilomita 350, kwa sababu haliendi kusini moja kwa moja. Linaelekea kwanza magharibi hadi Segera, linateremka Chalinze, ndipo linageuka mashariki kuitafuta bahari. Saa sita hizo, na foleni ya Kibaha bado hujaihesabu.

Ndege ndogo zinazotua hapa hukimbia kama kilomita 300 kwa saa. Kwa hesabu hiyo Dar ni dakika 40, na wengi wetu tunaishia hapo. Tunasahau kuwa safari nyingi za hapa hupitia visiwani, na kisiwa gani, hilo ni jambo kubwa. Unguja imekaa karibu kabisa na ule mstari: Tanga hadi Unguja kilomita 126, Unguja hadi Dar 73. Jumla haizidi 200. Utakachopoteza ni muda wa kutua na kusubiri abiria. Ukipitishwa Pemba kwanza, ni kilomita 84 kwenda mashariki, 125 hadi Unguja, kisha zile 73. Zimefika 282, na umetua mara mbili njiani.

Hata hivyo, naitetea safari ya Pemba kuliko zote. Makorora hapa Tanga na mitaa ya jirani imejaa watu wenye wazazi Wete, wenye harusi Chake Chake, wenye msiba Mkoani. Kwao, hizo kilomita 84 ndizo safari yenyewe. Kusi ikivuma, mkondo wa Pemba si wa kumpandisha mama mgonjwa kwenye mashua. Ndege inauvuka kwa dakika 20 hadi 25. Anayekwenda Dar ana basi, na barabara ya pwani ya Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, ikikamilika itampunguzia mzunguko. Pemba haitajengewa barabara.

Kwa hiyo ndugu zetu wenye ndege, abiria wakipungua, msianze kuikata Pemba. Na mnapotangaza muda wa safari ya Dar, tajeni saa ya kuondoka Tanga na saa ya kufika, pamoja na vituo vyote.

Nawe msikilizaji, kabla hujalipa nauli uliza mambo matatu: inapitia wapi, inatua mara ngapi, na begi linaruhusiwa kilo ngapi. Kwenye ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15 tu, kwa hiyo gunia la machungwa ya Muheza litume kwa basi.