Kitabu Kilichoonya Kabla ya Mbuta
Mazungumzo kwa wakazi kuhusu vitabu vya safari, meli, wanyama na uhandisi



Mkazi akinunua ngege leo Mbita, Sori au Muhuru Bay, kuna uwezekano mkubwa kwamba hajanunua ngege. Amenunua samaki mwingine wa jamii hiyohiyo, ambaye wengine humwita nyamami, aliyeletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 kutoka maji ya bonde la Mto Nile. Ngege mwenyewe, yule aliyekuliwa na babu na bibi wa wengi waliohudhuria hapa, karibu ametoweka ziwani. Jina lilibaki, samaki akabadilika. Jinsi jambo hilo lilivyotokea limeandikwa vitabuni, na kitabu kimoja kilitoa onyo miaka 25 kabla mbuta hajaingizwa katika maji haya.

Katika maktaba nyingi kuna rafu moja isiyoguswa sana. Ni rafu ya vitabu vya wasafiri, meli, wanyama wa porini, reli na madaraja. Mwanafunzi hupita hapo akitafuta kitabu cha marudio ya mtihani, na mtu mzima hudhani mambo yale ni ya Ulaya. Si kweli. Vitabu kadhaa vya aina hiyo vinahusu ziwa hili, na vingine vinagusa moja kwa moja bei ya kitoweo katika soko la Homa Bay.

Vya kwanza ni vya wasafiri. John Hanning Speke aliliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, akiwa upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake. Wajaluo walikuwa na jina lao tayari, Nam Lolwe, wala hawakuhitaji kuligundua. Mwaka wa 1863 Speke alichapisha kitabu akidai ziwa ndilo chanzo cha Nile, na wakubwa wengi wa Uingereza wakambishia. Mwaka wa 1875 Henry Morton Stanley akaja na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa kwa vipande kutoka pwani ya Bagamoyo vichwani na mabegani mwa wapagazi. Alilizunguka ziwa kwa siku 57 na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja, si mengi yaliyopakana. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1878.

Vitabu hivyo visomwe kwa tahadhari. Stanley anajisifu mno, na watu wa fuo anawaeleza kama mtu anayepita kwa haraka huku ameshika bunduki. Lakini msomaji akimwacha Stanley pembeni na kuwatazama wapagazi, atakutana na watu wengi wa Zanzibar na bara waliobeba kila kitu, kuanzia mbao za mashua hadi karatasi alizoandikia mwenyewe.

Wapagazi haohao wanarudi tena katika historia ya meli. Meli ya kwanza ya mvuke katika ziwa, William Mackinnon, ilijengwa Uskoti, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Mombasa. Reli ilikuwa haijafika Kisumu, hivyo vyuma vikaanza safari kwa miguu. Mizigo ilicheleweshwa na mingine ikapotea njiani. Ilichukua miaka hadi meli iliposhushwa majini Kisumu mwaka wa 1900, na reli yenyewe ikafika Desemba 1901. Tangu hapo meli za mvuke zikawa zinatia nanga Kendu Bay na Homa Bay kuchukua abiria na mazao. Wazee wachache bado wanakumbuka honi zake.

Kuhusu reli hiyo, kitabu kinachojulikana zaidi ni cha mhandisi John Patterson juu ya simba wa Tsavo, kilichotoka mwaka wa 1907. Kinasisimua, na vijana wakipewa hukimaliza. Ila kina funzo ambalo Patterson hakulikusudia. Baadaye alidai kwamba simba wale wawili walikula watu 135. Wanasayansi walipima manyoya na mifupa ya simba hao, ambao mabaki yao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho Chicago, na mwaka wa 2009 wakakadiria kuwa waliwala watu 35 hivi. Kitabu kinaweza kuwa kizuri na hesabu yake isiwe sahihi.

Sasa kile chenye uzito.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwaka wa 1905, nyavu za uzi wa kitani ziliingia katika Ghuba ya Winam. Kabla ya hapo wavuvi walitumia migono, vikapu, ndoano na vizuizi vya matete katika midomo ya mito. Nyavu zile zilishika samaki kuliko chombo chochote kilichokuwapo, na ngege ndiye aliyelengwa kwa sababu nyama yake ni tamu na soko lake lilikuwa Kisumu penye reli. Haukupita muda mrefu kabla ya wavuvi kuanza kulalamika. Wavu uliokuwa ukirudi umejaa ukawa unarudi na samaki wa kuhesabu kwa vidole.

Serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika zikamwita Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza. Alifanya uchunguzi wake mwaka wa 1927 na 1928. Ni yeye aliyempa ngege jina la kisayansi, na katika jina hilo kuna neno la Kilatini lenye maana ya samaki wa kuliwa. Bila shaka alishaonja. Ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1929 kwa jina The Victoria Nyanza and Its Fisheries.

Kitabu hicho hakivutii macho. Mwandishi anahesabu nyavu, anapima samaki, anaeleza upepo na vilindi. Lakini ndani yake kuna mambo matatu ambayo yangali yanajadiliwa katika mikutano ya fuo hadi leo. La kwanza, wavu wa ngege usiwe na macho chini ya inchi 5, ili samaki apate kuzaa kabla hajavuliwa. La pili, ziwa ni moja ingawa lina serikali tatu, kwa hiyo lisimamiwe kwa pamoja. La tatu ndilo linalouma. Wakati huo tayari kulikuwa na watu waliotaka kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine. Graham aliandika kwamba jambo hilo ni la hatari kubwa mno, na lisifanywe bila utafiti mrefu wa kujua matokeo yake.

Ushauri wa macho ya wavu ulikuja kuwa sheria. Katika miaka ya 1950 kanuni hiyo ikaanza kuachwa, wakati huohuo nyavu za nailoni zikifika madukani, nyepesi na zisizooza. Kuhusu usimamizi wa pamoja, mwaka wa 1994 nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Hiyo ni miaka 65 baada ya ripoti. Na onyo la tatu halikufuatwa.

Mbuta aliingizwa ziwani upande wa Uganda mwaka wa 1954. Waliomtaka walikuwa na hoja, na ni haki kuitaja: ziwa lilijaa fulu, samaki wadogo wenye miiba ambao soko halikuwapenda, basi aje samaki mkubwa awale awe nyama ya kuuzwa. Mtaalamu mwingine wa samaki, Geoffrey Fryer, akapinga kwa maandishi mwaka wa 1960. Hata hivyo mbuta wakapandwa rasmi mwaka wa 1962 na 1963, Kisumu ikiwemo. 

Kwa karibu miaka 20 hakuna kilichoonekana kubadilika. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, mbuta akalipuka. Huyu ni samaki anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Aina za fulu zaidi ya 200, ambazo hazikuwa zikipatikana penginepo duniani, zinaaminika kutoweka. Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyefika Mwanza mwaka wa 1981 kuchunguza fulu, alijikuta akiandika habari za viumbe waliokuwa wakimponyoka wavuni mwaka hadi mwaka. Kitabu chake kilitoka kwa Kiholanzi mwaka wa 1994 na kwa Kiingereza mwaka wa 1996 kwa jina Darwin's Dreampond. Yeyote anayeweza kukipata akisome. Ni kitabu cha sayansi, lakini kinasomeka kama barua ya mtu aliyefiwa.

Ni lazima kusema pia kwamba mbuta alileta pesa. Viwanda vya minofu vilijengwa, nyumba za mabati zilipanda fuoni, watoto walilipiwa karo. Wako waliohudhuria leo ambao walisomeshwa na mbuta. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya na wenyeji wakabakiziwa mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa, nao ukauzwa. Na kwa kuwa mbuta ana mafuta mengi, hawezi kuanikwa juani kama fulu. Hukaangwa au hukaushwa kwa moshi, na kuni zikakatwa. Gharama hiyo hakuna aliyeiandika katika hoja za miaka ya 1950.

Upande wa Migori una kisa chake. Ningu alikuwa akipanda Mto Kuja kila mvua zinapoanza ili kutaga mayai. Nyavu zilipotegwa mdomoni mwa mito, samaki alinaswa akiwa njiani kwenda kuzaa, na ningu akapungua hata kabla mbuta hajaenea. Hapo hapakuhitajika samaki mgeni. Wavu mahali pabaya ulitosha.

Uhandisi nao una hadithi ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kisiwa cha Rusinga kiliunganishwa na Mbita kwa tuta la mawe na udongo. Wagonjwa walivuka, matatu yalivuka, na hakuna mkazi wa Rusinga atakayesema halikusaidia. Lakini tuta liliziba mkondo uliokuwa ukipitisha maji kati ya Ghuba ya Winam na ziwa kubwa. Wavuvi waliliona hilo kwa macho, maji yalivyotuama na samaki walivyohama, kabla wataalamu hawajaandika. Baadaye daraja likajengwa na maji yakafunguliwa njia tena. Barabara ileile ingeweza kujengwa kwa daraja tangu mwanzo kama wavuvi wa mkondo ule wangeketi mezani na wachoraji.

Haya yote yanahusu kaunti kwa sababu ya jambo ambalo wengi hawalitambui. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeweka maktaba chini ya serikali za kaunti. Jedwali hilohilo limeweka uvuvi chini ya kaunti. Na Katiba hiyo imempa mwananchi haki ya kushirikishwa kabla uamuzi haujapita. Leo wakazi huitwa kwenye mabaraza kutoa maoni juu ya vizimba vya samaki vinavyoongezeka ziwani, juu ya gati, juu ya barabara za fuoni. Wengi hufika, husaini orodha, husikiliza na kurudi nyumbani. Aliyesoma habari za mwaka wa 1929 ana maswali ya kuuliza. Samaki huyu atakula nini, naye ataliwa na nini? Chakula kinachomwagwa kizimbani kinazama wapi? Mkondo unapita upande gani, na nani ameupima? Hali itakuwaje mwaka wa 20, kwa kuwa mbuta alinyamaza miaka karibu 20 kabla ya kulipuka? Afisa anayeleta mradi aje na majibu ya maswali hayo, na asiyekuwa nayo apewe muda akayatafute.

Rafu ile ina pengo pia. Karibu vitabu vyote vilivyotajwa viliandikwa na wageni. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika kwa Dholuo kitabu cha mila na desturi za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka wa 1938, na hadi leo watafiti wanakitegemea. Lakini kitabu cha fundi wa mashua wa Homa Bay, anayejua ubao upi huvumilia maji na upi huoza, kiko wapi? Cha mzee wa Muhuru Bay anayesoma upepo wa usiku kabla ya kusukuma mashua? Mwanafunzi mwenye daftari na simu ya kurekodi anaweza kuanza Jumamosi hii. Aandike tarehe, aandike jina la samaki kwa Dholuo na kwa Kiswahili, aulize wavu ulikuwa wa macho ya inchi ngapi. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yaliyokipa kitabu cha Graham nguvu.

Na kwa wanaotaka kumwona ngege wa kweli, safari si ndefu. Kivuko cha Mbita hufika Luanda Kotieno, na kutoka hapo kuna barabara za Siaya hadi Ziwa Kanyaboli, kando ya kinamasi cha Yala. Ziwa hilo ni dogo, na mbuta hakuingia. Ngege wa Graham bado wanavuliwa humo.