Ngozi Laini Kama Karatasi: Tuitunze, Lakini Dawa Tusiiache

(Haya ni maneno ya kikundi chetu cha afya kwa wagonjwa na wale wanaowauguza nyumbani, walipokutana katika ukumbi wa kanisa baada ya ibada.)



Leo tunataka kuzungumza juu ya dawa moja inayotumiwa katika magonjwa mengi. Inaitwa prednisoloni, nayo ni ya jamii ya dawa ziitwazo steroidi. Hupewa mwenye pumu kali, mwenye baridi yabisi, mwenye lupasi, mtoto anayevimba mwili kwa sababu ya figo, na hata mgonjwa wa ukoma wakati neva zake zinapovimba.

Dawa za jamii hii zimeokoa watu wengi. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye hata kutembea kulimshinda. Baada ya siku chache tu alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Lakini haikuchukua muda kabla madaktari kuona kwamba dawa hii, ikitumiwa kwa muda mrefu, ina bei yake. Sehemu moja ya bei hiyo hulipwa na ngozi.

Inakuwaje? Ndani ya ngozi yetu kuna nyuzi imara ziitwazo kolajeni. Hizo ni kama fito zinazoshika udongo wa nyumba. Mtu akimeza steroidi kwa miezi mingi, mwili hupunguza kutengeneza nyuzi hizo. Fito zikipungua, ukuta unakuwa dhaifu. Mishipa midogo ya damu nayo inakosa mahali pa kuegemea. Ndiyo sababu mgonjwa akigonga mkono kwenye mlango, hata kidogo tu, damu inavilia chini ya ngozi, au ngozi yenyewe inachanika.

Na kwa nini kidonda kinakawia kupona? Kidonda kipya huvimba kidogo na kupata joto. Huo ndio mwanzo wa mwili kujitengeneza. Sasa, kazi ya steroidi ni kutuliza uvimbe, nayo haichagui. Inatuliza ule unaomzuia mgonjwa wa pumu kupumua, na inatuliza pia ule ambao kidonda kinauhitaji.

Basi, jambo hili si uchawi, si laana ya ukoo, wala si uchafu. Rafiki zake Ayubu waliona vidonda vyake wakaanza kumtafutia dhambi. Sisi tusiwe hivyo. Maneno ya majirani yanaweza kumfanya mgonjwa aone haya, akaficha vidonda, halafu siku moja akasema, "Dawa hii ndiyo inaniharibu, naiacha."

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe. Mtu akimeza vidonge kwa wiki tatu au zaidi, tezi hizo zinaweza kulala, kwa maana kazi yao inafanywa na dawa. Ukiacha ghafla, mwili unabaki mikono mitupu. Mtu anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, kuzirai, na hata kufa. Kwa hiyo, tafadhali, usiiache wala kupunguza kwa akili yako mwenyewe. Mwambie daktari juu ya ngozi yako. Yeye anaweza kupunguza kipimo polepole, au kutafuta dawa nyingine ya kusaidiana nayo. Vidonge vikikaribia kwisha, nenda ukachukue vingine mapema, usingoje kile cha mwisho.

Sasa, ngozi tuitunze namna gani?

Kwanza, tuizuie isiumie. Vaa nguo ya mikono mirefu. Soksi kuukuu ya pamba, iliyokatwa sehemu ya vidole, inafaa sana kuvaliwa mkononi kama kinga. Shambani vaa gambuti. Usitembee miguu mitupu, kwa sababu licha ya miiba kuna minyoo inayoingilia kwenye ngozi, na aina moja ya minyoo hiyo inaweza kuzaana hadi kuua mtu anayetumia steroidi. Pembe za kitanda na meza zifungwe vitambaa. Kucha zikatwe fupi, za mgonjwa na za anayemuuguza.

Pili, ngozi isikauke. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali. Usijisugue kwa dodoki gumu. Jikaushe kwa kubonyeza taulo polepole, kisha jipake mafuta ya mgando. Jihadhari na krimu za kung'arisha uso. Baadhi yake zina steroidi kali, nazo pia hupunguza unene wa ngozi.

Tatu, wewe unayeuguza, usimvute mgonjwa kwa mkono ukimwinua. Mshike kwa viganja vilivyofunguka, chini ya mgongo na mapaja. Vua pete na saa kwanza.

Nne, chakula. Ngozi hujengwa kwa maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa, pamoja na sukuma wiki na mapera. Na kwa kuwa dawa hii inaweza kupandisha sukari ya damu, hali ambayo nayo inachelewesha kidonda kupona, mwombe nesi akupime.

Na ngozi ikichanika? Usifadhaike. Nawa mikono. Bonyeza kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Osha kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Kile kipande cha ngozi kilichoinuka usikikate. Kirudishe polepole mahali pake, maana hicho ndicho kifuniko bora. Weka shashi iliyopakwa mafuta safi ya mgando ili isigande, kisha funga bendeji bila kukaza. Usibandike plasta juu ya ngozi hiyo, kwa kuwa ukiibandua itaondoka na ngozi. Wakati wa kufungua, lowesha kwanza. Usitie spiriti, majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Uliza kliniki kama unahitaji sindano ya pepopunda.

Jambo moja mlishike sana. Steroidi zinaweza kuficha homa. Kidonda kinaweza kuwa kimeoza na mwili usichemke. Na kwa ngozi yetu nyeusi, wekundu hauonekani kwa urahisi. Kwa hiyo msingoje dalili hizo. Tazameni usaha, harufu, uvimbe, ngozi ya kando kuzidi kuwa nyeusi au kupata joto, na maumivu yanayoongezeka. Ukiona hata moja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Nenda pia kama kidonda ni kirefu, kama damu haikomi, au kama wiki mbili zimepita bila kidonda kupungua. Popote uendapo, hata kwa daktari wa meno, sema mapema kwamba unatumia steroidi, na uwe na kadi yako.

Ndugu zetu, kuuguza ngozi ya namna hii ni kazi ya subira. Kidonda cha mwenzako kilichofungwa kwa siku chache, chako huenda kikachukua wiki nyingi, lakini wengi hupona. Tunaomba kila jumuiya iwajue wagonjwa wake wa namna hii. Mmoja amchotee maji, mwingine amkatie kuni, ili mikono yake isipate majeraha. Msaada huo hauhitaji pesa.

Mungu awabariki. Sasa, mwenye swali na aulize.